Matembezi ya Kaya Kinondo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watalii wa kigeni huikuta Kaya Kinondo kwenye vitabu vya safari kabla hawajapanda ndege. Sisi tunaoishi pwani, na jirani zetu wa Nairobi, Tanga na Dar es Salaam, huenda Diani mara kwa mara na kurudi bila kujua kwamba mwisho wa hoteli za huko kuna msitu ambao wazee wameulinda kwa karne kadhaa, na kwamba unaweza kutembezwa humo kwa Kiswahili. Maswali haya ndiyo watu huuliza kabla ya kuja.

Kaya ni nini hasa?

Kaya ni mahali palipokuwa na mji wa Wamijikenda katikati ya msitu. Mji ulizungushiwa boma, nao msitu uliozunguka boma ukawa ngome ya pili. Haukuwa na njia nyingi: ziliachwa chache, nyembamba, zenye milango, na mgeni asiyezijua alipotea kabla hajafika kwenye nyumba.

Wamijikenda ni makabila tisa: Wadigo, Waduruma, Warabai, Wagiriama, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Waribe na Wakauma. Wazee husimulia kwamba walitoka Shungwaya, upande wa Somalia ya leo, wakashuka kusini wakikimbia vita na Waoromo, na kila kundi likatafuta msitu wa kujisitiri. Kaya Kinondo ni ya Wadigo, watu wa Kwale ambao ndugu zao wako hadi Tanga. Mpaka wa Kenya na Tanzania pale Lunga Lunga haukukata ukoo.

Miji hiyo ilianza kujengwa karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameihama. Nyumba zimeanguka zamani. Kilichobaki ni makaburi, mahali pa kufanyia maombi, njia za kale na msitu wenyewe, na hivyo vyote bado vina wenyewe: wazee wa kaya.

Iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Iko Kinondo, kaunti ya Kwale, kusini mwa ufuo wa Diani, karibu sana na bahari. Ni ndogo: hekta 30 hivi. Kuna watu hufika wakitarajia mbuga, wakashangaa kuona msitu unaoweza kuuzunguka bila kuchoka. Usiupime kwa ukubwa. Katika eneo hilo dogo wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 180, na sehemu kubwa ya misitu iliyofanana nao kando ya bahari imekwisha kufyekwa ili kupata mashamba, mkaa na viwanja vya kujenga.

Naweza kuingia peke yangu? Mimi ni mwenyeji, nimezaliwa Ukunda.

Hapana, hata kama umezaliwa Ukunda, mji wa hapo jirani. Kila mgeni huingia na kiongozi anayetoka katika jamii hiyo.

Watu wengine huliona sharti hili kama mbinu ya kukusanya pesa, na ndipo wanapokosea. Katika kaya kuna mahali ambapo mtu wa kawaida hapiti, hata mtoto wa hapo hapo. Hakuna kibao wala uzio unaoonyesha mpaka wa mahali hapo. Ni ujuzi walio nao watu. Kiongozi anajua njia ipi ni ya wageni, wapi pa kusimama, na wapi sauti ishuke. Ukiingia peke yako unaweza kukanyaga kaburi bila kujua, kwa sababu makaburi ya kale hayajajengewa wala kuandikwa jina.

Sababu ya pili ni kwamba bila kiongozi utaona miti tu. Masimulizi ya msitu huu hayakuandikwa kwenye mabango. Yako kwa watu, na hiyo ndiyo thamani yote ya matembezi. Usiende mbio. Ulizia jina la mti, mwache amalize, kisha uliza la pili.

Ni masharti gani ya kufuata ndani?

Kabla ya kuingia utapewa kaniki, nguo nyeusi, uifunge kiunoni, mwanamume na mwanamke sawasawa. Kofia huvuliwa. Dada anayejisitiri kwa hijabu amweleze kiongozi mapema, pale nje, wazungumze kwa utulivu kabla ya safari kuanza.

Ndani hakuna kubusiana wala kushikana kimapenzi. Wanandoa walio kwenye fungate wasikasirike. Ni muda mfupi tu. Hakuna kupiga kelele wala kuwasha muziki kwenye simu.

Sharti kubwa kuliko yote: hakuna kutoka na kitu. Si tunda, si ua, si jani lililoanguka, si kijiti kikavu, si jiwe. Usilichukulie kama tisho kwa watoto. Hili ndilo lililoufanya msitu uwepo hadi leo. Vijiji vinavyouzunguka vimekuwa vikihitaji kuni kila siku kwa miaka yote hiyo, na bado kuni za Kinondo huoza pale pale zilipoanguka, zikawa udongo wa miti mingine.

Mimi ni Mwislamu / Mkristo. Je, kuingia kaya si ushirikina?

Hili huulizwa kuliko maswali yote, na mara nyingi kwa sauti ya chini, kwa hiyo linastahili jibu la wazi.

Wadigo wengi ni Waislamu, na wamekuwa Waislamu kwa vizazi. Wapo wanaoswali swala tano na wanaouheshimu msitu wa babu zao, na wapo wasiotaka kabisa kuhusishwa na tambiko. Mjadala huo uko ndani ya familia zenyewe, na mgeni hana haja ya kuuamua. Wazee hukutana kayani kuomba mvua, kuomba maradhi yaondoke, kuomba amani. Wewe mgeni hutaombwa kusali, kutoa kafara, kunywa chochote wala kutamka neno lolote. Unatembea, unasikiliza, unaheshimu. Kufunga kaniki ni adabu ya mwenye nyumba, kama unavyovua viatu mlangoni kwa mtu.

Kuna jambo jingine la kulikataa waziwazi. Wazee wa pwani wamekuwa wakiitwa wachawi kwa sababu tu ya mvi zao na kwa sababu wana mashamba ambayo vijana wanayataka, na katika Kwale na Kilifi wapo waliouawa kwa neno hilo. Kaya na uchawi ni vitu viwili tofauti. Anayekuja Kinondo akitania kwamba anaenda "kwa wachawi" anachezea maisha ya watu.

Nitaona nini?

Anza kwa kuangalia chini. Udongo ni mchache; unatembea juu ya mawe ya matumbawe. Msitu huu umeota juu ya mwamba uliokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kabla maji hayajashuka. Ukiinama utaona kwenye jiwe mistari na vitundu vilivyoachwa na matumbawe hai, na pengine umbo la kombe lililogeuka jiwe. Mizizi haina mahali pa kuchimba, kwa hiyo inatambaa juu ya mwamba, inaingia kwenye kila ufa, inakumbatia mawe mazima. Ndiyo maana kutembea hapa kunataka macho.

Kisha inua macho. Utaona miti ya jamii ya mkuyu iliyoanza maisha juu ya miti mingine. Ndege anakula tunda, anaangusha mbegu kwenye panda la tawi, mbegu inachipua huko juu na kuteremsha mizizi kama kamba hadi chini. Ikishashika ardhi inanenepa, inaungana, na baada ya miaka mingi mti uliobeba ule mche umezingirwa pande zote. Mara nyingine wa ndani umekufa ukaoza, na wa nje umebaki umesimama na uwazi katikati unaoweza kuchungulia.

Kuna mitambaazi minene kama mkono wa mtu mzima, inayoning'inia kutoka juu kabisa. Katika misitu ya pwani mmoja wapo ni mtoria, ambao matunda yake, vitoria, watoto wa kijijini wanayajua kwa utamu wake wenye ukali. Mwulize kiongozi akuonyeshe pia mti wa sandarusi, mtandarusi, kama mko karibu nao. Utomvu wake ukiganda huwa kama kioo cha njano, na katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hii ilipitia Zanzibar na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi ya samani. Na kuna mbambakofi, mti wa mbao ngumu ambao mbegu zake ni nyeusi zenye kikofia chekundu, kana kwamba mtu amezipaka rangi. Mafundi wa pwani wameutumia kwa milango na majahazi, na kwa sababu hiyo mkubwa wake huuoni tena kirahisi nje ya misitu iliyolindwa.

Kiongozi atakuonyesha haya bila kukata jani. Anaelekeza kwa mkono, anageuza tunda lililoanguka, halafu analiacha pale pale.

Mwishoni wengi huambiwa wakumbatie mti mmoja mkubwa. Kumbatia kweli, usione haya. Mikono yako haitakutana.

Na wanyama?

Usitarajie simba wala tembo. Utakaowaona zaidi ni nyani, tumbili, kima na, ukibahatika, mbega. Mbega wa Diani ni weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, na hawana kidole gumba kamili kama nyani wengine. Kimebaki kinundu tu. Mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa. Chakula chake kikubwa ni majani, kwa hiyo haibi ndizi zako kama tumbili anavyofanya. Anahitaji miti iliyoshikana, maana kushuka chini kwake ni hatari, hasa barabarani. Ukiwa njiani kwenda Kinondo tazama juu ya barabara ya ufuoni: utaona ngazi za kamba zilizofungwa kutoka mti hadi mti. Zimewekwa na shirika la Colobus Conservation la hapo Diani ili mbega na wenzake wavuke juu ya magari.

Utamsikia ndege hondohondo kabla hujamwona. Wadudu wapo: jongoo wakubwa weusi wasio na madhara, na siafu baada ya mvua, ambao madhara wanayo. Nyoka wapo pia kama msitu wowote wa pwani, ila wao ndio hukukimbia. Tembea nyuma ya kiongozi, usitie mkono kwenye shimo, na usiwape nyani chakula hata wakikuomba kwa macho.

Kweli kuna miti ya dawa? Naweza kuondoka na kidogo?

Ipo mingi, na sehemu nzuri ya matembezi ni kusikia mti upi hutumika kwa tumbo, upi kwa ngozi, upi kwa mama aliyejifungua. Kuondoka na kidogo, hapana. Rudi kwenye sharti la hapo juu. Wala usikariri jina la mti ukaenda kuchuma wa kwenu uliofanana nao. Miti miwili inaweza kufanana majani, mmoja dawa na mwingine sumu. Mganga wa kweli alifundishwa kwa miaka, na kipimo ni nusu ya ujuzi wake.

Fingo ni nini? Nitaonyeshwa?

Fingo ni kinga ya kaya iliyozikwa ardhini na waasisi wake. Masimulizi yanasema makabila yalikuja nayo kutoka Shungwaya. Hutaonyeshwa ilipo, na si adabu kuuliza.

Historia ya kaya ina uhusiano gani na kupigania uhuru?

Mkubwa, ingawa kisa kinachojulikana zaidi si cha Kinondo bali cha Kaya Fungo ya Wagiriama, katika kaunti ya Kilifi ya leo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu kukataa kodi na kukataa vijana wao kupelekwa kufanya kazi na kubeba mizigo ya Waingereza. Viapo vya upinzani vililiwa kayani. Serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka Kisii, mbali kabisa na bahari, naye akatoroka na kurudi. Mwaka 1914 askari waliilipua kaya kwa baruti. Hapo unaona wakoloni walivyoelewa kaya ilikuwa nini: mahali ambapo watu waliweza kukubaliana jambo moja wakalishika.

Baada ya uhuru vita vikawa vya viwanja. Utalii wa Diani ulipokua, ardhi ya ufuoni ikawa dhahabu, na msitu usio na hatimiliki ukaonekana kama ardhi tupu. Kusini kidogo ya Kinondo kuna kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni kaya. Hoteli imekuwepo kisiwani humo tangu miaka ya 1990. Ukitaka kujua Kinondo ingekuwaje, jibu liko pale baharini.

Kilichosaidia ni wazee kutokunyamaza, pamoja na wataalamu wa mimea waliozichunguza kaya hizi katika miaka ya 1980 na kutangaza utajiri uliomo. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 ikaziorodhesha na mila zenyewe za kaya, safari hii kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Hilo la pili ndilo la kutia wasiwasi. Msitu unaweza kuwekewa askari, lakini vijana wasipokaa na wazee, masimulizi hayana askari wa kuyalinda.

Matembezi huchukua muda gani, na kiingilio ni kiasi gani?

Saa moja hadi mbili, kutegemea maswali yako. Viwango hubadilika na raia hutozwa tofauti na wageni wa kigeni, hivyo ulizia kwenye ofisi ya mradi pale mlangoni. Beba kitambulisho na fedha taslimu kidogo. Mradi ni wa jamii, na kiingilio ni sehemu ya sababu kijiji kinapata faida msitu ukiwa umesimama. Ukiridhika na kiongozi, mpe chochote mkononi. Wenyeji hatuna tabia hiyo, tuianze.

Naruhusiwa kupiga picha?

Miti na njia, kwa kawaida ndiyo. Makaburi na mahali pa maombi, hapana. Uliza kila mara, na ukiambiwa hapana usipige kwa kuibia.

Nifikeje kwa gari la abiria?

Kutoka Mombasa vuka feri ya Likoni, bure kwa watembea kwa miguu, kisha panda matatu ya Ukunda. Ukishuka Ukunda chukua tuktuk au boda hadi barabara ya ufuoni, halafu kulia, kusini, hadi Kinondo. Patana bei ya kwenda na kurudi mapema, maana huko mwisho wa barabara magari hupungua jioni. Ukishuka kwenye treni Miritini na una gari, barabara ya Dongo Kundu inakufikisha kusini bila kupanga foleni ya feri. Anayetoka Tanga avuke mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, ashuke Ukunda. Hana haja ya kufika Mombasa.

Msimu upi ni mzuri, na nivae nini?

Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi inapovuma, hewa ni ya baridi kidogo na kutembea hakuchoshi. Januari na Februari ni jua kali, ingawa ndani ya msitu kuna kivuli. Masika, Aprili na Mei, msitu ni mzuri sana kwa macho, ila mawe yanateleza na mbu ni wengi. Fika asubuhi, saa mbili au saa tatu, wakati wanyama bado wanatembea.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Watu hutoka ufuoni moja kwa moja na malapa, na matumbawe huyakata malapa na mguu pia. Suruali ndefu, maji ya kunywa, dawa ya mbu. Chupa tupu utoke nayo. Hiyo ni ruhusa.

Watoto na wazee wataweza?

Watoto wanaotembea wenyewe wanaweza, na hufurahia kuliko wazazi. Mzee mwenye fimbo anaweza akienda polepole na mtu wa kumshika mkono penye mawe. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye njia hizi.

Kuna nini kingine cha historia karibu, nikishatoka?

Msikiti wa Kongo, upande wa kaskazini wa Diani, kwenye mlango wa mto Mwachema, kati ya mibuyu. Una karne kadhaa na bado watu husali humo, kwa hiyo usiende saa ya swala kwa ajili ya kupiga picha. Ukiwa na siku nyingine, nenda Shimoni ukaone mapango ambayo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo, kisha uvuke hadi kisiwa cha Wasini. Ukizipenda kaya, nenda Rabai: kuna kaya, na kuna makumbusho ya Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika huko miaka ya 1840.

Mimi ni mwalimu. Nawezaje kuleta darasa?

Wapigie au uwatembelee wahusika wiki kadhaa kabla, ueleze idadi na umri, na uombe matembezi ya Kiswahili. Usilete wanafunzi wengi kwa kundi moja. Wa nyuma hawatasikia kitu na watachepuka njiani. Wagawe, kila kundi na kiongozi wake na mwalimu wake. Waambie sheria za kaniki na za kutochukua kitu mkiwa bado shuleni, na uwaambie wazazi pia, hasa lile la dini, ili asiwepo mtoto wa kubaki kwenye basi kwa uvumi. Na kila mtoto aje na swali moja aliloliandika la kumwuliza kiongozi, si la kumwuliza mwalimu.